Salfa Kwenye Grisi

Wiki iliyopita, nikitoka shuleni ninakofundisha hapa Masasi, nilipita mbele ya gereji moja ya kando ya barabara nikakutana na harufu mbili kwa mpigo: grisi mpya na salfa. Ya grisi ilitoka kwenye kopo lililokuwa wazi miguuni pa fundi. Ya salfa ililetwa na pikipiki iliyokuwa inakwenda Lisekese na mifuko miwili ya dawa ya mikorosho, mmoja umepasuka pembeni, unaacha mstari wa unga wa manjano barabarani. Fundi alikuwa ameinua tela dogo juu ya magogo. Magurudumu ameyatoa, na beringi zake, zimeshashindiliwa grisi na zinang'aa, amezipanga juu ya gazeti. Hakuzifunika.

Sikufikiri. Nilivua mtandio wangu nikazifunika.

"Mwalimu, mtandio huo utaharibika," fundi akasema.

"Acha uharibike."

Vijana waliokuwa wanasubiri pikipiki zao walicheka, na nadhani mpaka leo wananicheka. Nikaondoka kichwa wazi, mtu mzima na heshima zangu, moyo unanidunda kama niliyemvuta mtoto mbele ya lori. Yule fundi nisingeweza kumweleza akanielewa. Wacha niwaeleze ninyi.

Nilizaliwa juu, Newala, kwenye kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa uwanda. Ukisimama nyuma ya choo chetu ulikuwa unaliona bonde lote la Ruvuma mpaka vilima vya ng'ambo. Wageni walikuja kusifu mandhari hayo. Sisi tuliyatazama kwa kinyongo, kwa sababu maji yetu yalikuwa kule chini. Juu hakuna mto wala kijito. Mchanga mwekundu unameza mvua kabla hujaweka ndoo. Kila nyumba yenye bati ilikuwa na kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, na kisima hicho kilitutunza mpaka mwezi wa saba, mwaka wa neema mpaka wa nane. Baada ya hapo ni ndoo kichwani na njia ya mawe, saa nzima kushuka chemchemini na saa mbili kupanda.

Baba hakuwa mtu wa kule. Alikuwa Mmakua wa huku chini, wa Lisekese hii hii, aliyemfuata Mama kwao akajenga ukweni kama desturi ilivyotaka. Miaka yote walimtania kuwa ni mtu wa bondeni aliyezoea kuoga kila siku. Naye aliwajibu kwamba kwao maji yanawatafuta watu, hapa watu wanayatafuta maji. Walicheka pamoja, lakini ukweni ni ukweni. Shamba tulilolima lilikuwa la ukoo wa Mama, na neno la mwisho lilikuwa la Mjomba Chilumba, kaka mkubwa wa Mama, mwenye mikorosho, mwenye trekta na mwenye tela.

Tela lenyewe lilikuwa la magurudumu mawili, sakafu ya mbao za mninga, mbavu za chuma zilizopakwa bluu juu ya nyekundu juu ya kutu. Mwanzo wa kiangazi lilibeba mifuko ya salfa kutoka mjini. Mwezi wa kumi lilibeba korosho kwenda ghalani. Katikati ya hapo, miezi ile mikavu, lilifungwa tangi kubwa la plastiki likawa mama wa kijiji: kila siku mbili lilishuka bondeni kwa njia ya kuzunguka, likapanda na maji, na wanawake wakapanga ndoo zao mstari mmoja kuanzia kwa Mjomba mpaka msikitini.

Mtunzaji wa tela alikuwa Baba. Ujanani aliwahi kufanya kazi gereji, na kwenye mambo ya chuma ndipo pekee ambapo Mjomba alimwuliza yeye badala ya kumwagiza. Kila mwaka, wiki ile kisima chetu kilipoanza kutoa mwangwi ukitumbukiza ndoo, Baba alilichukua tela kwa siku tatu. Nilikuwa naziona siku hizo kuwa sikukuu yangu ya tatu, baada ya Idi zile mbili.

Siku ya kwanza alilisafisha kwa ufagio na majivu, maana maji hayakuwepo ya kuoshea tela, kisha akapita na nyundo ndogo akigonga springi moja moja, sikio ameliinamisha. Siku ya pili alibadilisha mbao zilizoliwa na mchwa, akakwangua kutu iliyoachwa na salfa, akapaka rangi, akaipima pini ya kuunganishia trekta kwa kidole chake cha gumba. Siku ya tatu ilikuwa ya magurudumu, na hiyo ilikuwa siku yangu. Nilikuwa na mikono myembamba, na Baba alisema beringi inapenda mkono wa mtoto wa kike. Aliniwekea grisi kwenye kiganja cha kushoto, nami nikaibonyeza beringi pembeni, kidogo kidogo, mpaka grisi ikachomoza upande wa juu katikati ya vile vigololi, kama tambi. "Isiyotoka upande wa pili haijaingia," alikuwa akiniambia, na alinifanya niirudie kauli hiyo kila mwaka kama kiapo.

Sasa nawaambia kilichokuwa kinatusubiri mwaka ule.

Mwaka uliotangulia tela lilichelewa. Springi ilikatika, na kabla haijapatikana nyingine kisima kilikauka. Mama alishuka bondeni na mimba ya miezi sita, akateleza kwenye mawe ya kona ya mwisho. Mtoto tulimzika nyuma ya nyumba, kichanga kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga, na Mama hakuzungumza kwa muda ambao mimi, mtoto wa miaka kumi, niliona kama hautaisha. Mwaka ninaousimulia alikuwa mjamzito tena. Nesi wa zahanati alimkataza kupanda mlima na kubeba kitu kizito. Mama aliitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu anayekukataza kupumua. Nesi alitoka mkoa mwingine, hakujua. Sisi tulijua kwamba Mama kushuka au kutoshuka kulikuwa juu ya magurudumu mawili tu. Baba hakulisema hilo. Alianza tu kulitengeneza tela wiki mbili kabla ya wakati wake wa kila mwaka.

Na hapo ndipo kosa lilipotokea, maana wiki mbili kabla ilikuwa bado msimu wa kupuliza salfa.

Kwa kawaida salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umelala. Asubuhi ile jirani yetu, Baba Fadhila, alichelewa kuiwasha mashine yake. Sisi tulikuwa tumeshamaliza gurudumu la kulia. Beringi za kushoto nilikuwa nimezisafisha kwa mafuta ya taa, nimezishindilia vizuri kabisa, tambi zimetoka, nimezilaza juu ya gunia safi. Mjomba akatuma mtu kumwita Baba akasaidie kulitoa tangi stoo. "Nakuja sasa hivi," Baba akaniambia, akaondoka huku anajifuta mikono kwa majani ya mkorosho.

Nikaisikia mashine inanguruma upande wa pili wa ua. Kisha upepo ukageuka, na wingu la manjano likaja juu ya miti likielekea kwetu.

Mtoto yeyote wa kule juu anajua la kufanya. Salfa ikija: funika maji, funika chakula, anua nguo. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Nilikimbia nikashusha mfuniko wa kisima. Nikafunika sufuria la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Nikaanua nguo zote, hata kanga ya Mama ya kuvalia harusini. Nilikuwa hodari, nilijisifu moyoni, na macho yananiwasha nikaingia ndani kusubiri lipite. Katika ile orodha hakuna aliyewahi kusema: funika beringi.

Nilipotoka nilizikuta zimekuwa za njano, kama maandazi yaliyonyunyiziwa sukari.

Unga ukiingia kwenye grisi unakula chuma kama msasa. Dawa yake niliijua: zirudi kwenye mafuta ya taa, zioshwe, zianzwe upya. Nikageuka kwa pupa kulichukua kopo la mafuta, nikalipiga teke. Mchanga wetu ule usiobakiza tone ukayanywa mbele ya macho yangu. Ndani kulikuwa na mafuta ya taa ya koroboi tu, nusu chupa, na grisi iliyobaki kwenye kopo ilikuwa ya kujazia kofia ya gurudumu, basi. Nilisimama pale na mikono mitupu. Kisha nikachuchumaa nikafanya jambo ambalo nimelifanya tena na tena usingizini: kwa kidole changu nilikwangua ile njano ya juu, yote niliyoiona, nikasawazisha grisi iliyobaki mpaka ikang'aa. Nikafukia mchanga uliolowa.

Baba alirudi mbio mbio, trekta la Mjomba limeshawashwa nyuma yake.

"Tayari?"

"Tayari."

"Imetoka upande wa pili?"

"Imetoka," nikasema. Kwa namna fulani haikuwa uongo.

Aliliinua gurudumu kifuani, mimi nikazisukumiza beringi ndani kwa mkono wangu, akakaza nati, akafunga kofia. Akalizungusha gurudumu. Lilizunguka kimya, vizuri, likatudanganya sote wawili.

Safari ya kwanza tela lilirudi na maji, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko akasugua masufuria yote kwa maji mengi, kwa israfu, huku anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mwaka uliopita. Mimi nilikwenda nyuma ya tela nikagusa gurudumu la kulia katikati: vuguvugu. Nikagusa la kushoto nikautoa mkono haraka.

Nilijua. Msije mkanionea huruma kwa kudhani sikujua. Nilikwenda mara tatu kumwambia Baba. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anaswali, nami nikafurahi kuwa anaswali. Mara ya tatu alinikumbatia begani mbele ya Mjomba akasema, "Huyu ndiye fundi wangu," na ulimi wangu ukafa.

Safari ya pili, nikiwa uani napeta mahindi, nilikuwa nalisikiliza trekta likipanda kutoka bondeni. Nilizijua kona zake zote kwa mngurumo. Lilipofika kona ya mwisho ya njia yake ya kuzunguka lilipiga kelele, chuma kikalia, kisha pakawa kimya. Niliangusha ungo nikakimbia.

Tangi lilikuwa limelala ubavu. Maji yalikuwa bado yanatoka, na wanawake waliowahi walikuwa wameshapiga magoti wanayachota kwa vifuniko, kwa sahani, mmoja anachovya kanga yake na kuikamua ndooni. Haikuchukua muda. Mchanga ulikunywa kila kitu ukabaki umelowa, mwekundu kama ini. Gurudumu la kushoto lilikuwa limejiendea shambani kwenye mihogo. Hakuna aliyeumia. Baba alikuwa amepiga magoti, vipande vya beringi mkononi. Aliingiza kidole ndani ya tundu la gurudumu, akakitoa, akakitazama. Alikitazama kwa muda. Kisha akakipangusa kwenye suruali yake.

"Shemeji," Mjomba akauliza, na watu wote wakamsikia, "hizi beringi alizipaka nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Mjomba alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Basi chuma si kazi yako tena. Rudi kwenye mihogo," akasema. Akamwambia hivyo mbele ya wake za watu, mbele ya watoto, mwanamume mzima ukweni kwake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi wangu kwamba niliufungua, na haikutoka hata pumzi.

Ekseli ilikuwa imeliwa, haifai kwa kugongwa nyundo. Kesho yake Baba aliifunga kwenye baiskeli akashuka nayo Masasi kuitafutia mtu wa kuichonga, maana ingawa alifukuzwa kazi alijua hakuna mwingine atakayeifanya. Alikaa huko siku tisa. Kisima chetu, ambacho mvua za mwaka ule hazikukijaza, kilitoa ndoo mbili za tope, kikaisha.

Mama akachukua ndoo yake.

Nilimsihi. Nilimwambia nitakwenda mimi, mara mbili kwa siku, mara tatu, shule nitaacha. Akasema, "Tutakwenda wote, Somoe." Mimi ndoo yangu ilikuwa ile ndogo ya lita kumi. Niliiacha nikachukua kubwa, ya lita ishirini, ambayo watoto wa umri wangu hawakuibeba. Shingo yangu iliingia kifuani. Kila tukipanda nilikaa nyuma yake, nazitazama nyayo zake kwenye mawe, na kila alipopepesuka nilihisi mkojo unataka kunitoka. Nilikuwa nafanya hesabu zangu: nikibeba nyingi, yeye atabeba kidogo; nikiamka mapema, atalala. Alfajiri moja nilimtoroka nikaenda peke yangu. Nikaanguka njiani, maji yote yakamwagika. Niliporudi na ndoo tupu nilimkuta kwenye kona ya kwanza, ameshaanza kuteremka kunitafuta. Hakunigombeza. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku ya sita, tulipofika kwenye kona ile ile ya mwisho alikoteleza mwaka uliopita, Mama alisimama, akashusha ndoo taratibu, akakaa juu ya jiwe.

"Somoe, usimwage maji," akasema. Niliiona damu kwenye visigino vyake.

Nilipiga kelele mpaka Mama Fadhila na wenzake wakaja. Walifunga kanga kwenye miti miwili wakambeba, wanabadilishana mabega, na mmoja akatangulia kwenda kumwomba Mjomba trekta la kumfikisha hospitali. Mimi niliambiwa nibaki. Nilibaki pale mlimani na ndoo mbili zilizojaa. Kwa kuwa alisema nisimwage, nilizipandisha zote, moja hatua ishirini naiacha, narudi kuifuata nyingine, mpaka nyumbani. Nilizifunika. Kisha nikakaa katikati yake nikamwambia Mungu anichukue mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa, sikuwa natafuta huruma ya mtu.

Walimlaza hospitali wilayani. Mtoto hakutoka, lakini walisema anaweza kutoka wakati wowote, na akitoka mapema hawana la kumfanyia. Baba aliporudi na ekseli alikuta habari hizo mlangoni. Ekseli aliiacha kwa Mjomba, ambaye hakumruhusu kuligusa tela. Hakukaa. Alikwenda kumwona Mama, akarudi, akakata mti, akafanya mzega, dumu moja mbele na moja nyuma, akashuka bondeni.

Wanaume wa kwetu hawakuteka maji kwa mabega, labda awe kapera au amefiwa. Siku za kwanza watu walimcheka waziwazi. Mtu wa bondeni amekumbuka kwao, walisema. Yeye aliamkia kila aliyemzidi umri, akaitikia shikamoo za watoto, akapita. Maji mengine alimpelekea mama yake Mama, mengine aliyapeleka hospitali. Mimi nilimfuata na ndoo yangu kubwa. Wiki nzima tulitembea hivyo, sauti ya madumu ikilia mbele yangu, nami najikusanyia maneno. Mwishoni, tulipofika kwenye kona ile, nilisema, "Baba, zile beringi..."

"Angalia mawe, Somoe," akasema, bila kugeuka.

Nikaangalia mawe.

Shukuru alizaliwa wiki tatu baadaye, kabla ya siku zake, amekunjamana, hazidi kuku wa kienyeji kwa uzito, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kumpa jina. Nilipomwona mara ya kwanza niliogopa kumgusa kwa mkono huu. Alipona. Leo anaendesha malori, anakula sahani tatu za ugali wa muhogo, na akija kwangu wanangu wanaficha mboga. Nikimwona anashiba hivyo huwa naondoka mezani kidogo, yeye hudhani nafuata chumvi.

Mjomba alitafuta fundi mwingine wa tela akamkosa. Mwaka uliofuata alimrudia Baba bila kuomba radhi, alimpelekea tu tela likasimama mlangoni kwetu. Siku ya magurudumu ilipofika nilijificha jikoni. Baba aliniita. Kwenye gunia, pembeni ya kopo la grisi, aliweka kanga imekunjwa, safi, ina harufu ya sabuni.

"Mama yako ametoa hii. Ukimaliza kila moja, funika, ndipo ufanye mengine."

Kisha akaniwekea grisi kwenye kiganja cha kushoto kama miaka yote. Nilidhani ni uangalifu tu wa mtu aliyewahi kuungua. Nilizipaka, nikazifunika, na tulifanya hivyo kila mwaka mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Siri yangu niliendelea kuifuga. Nilikuwa nadhani nimeificha vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukificha.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya arobaini tulikuwa tunapanga vitu vyake, Mama na mimi, na kwenye sanduku la spana nikaikuta ile kanga. Imejaa madoa meusi. Niliitambua sasa tu, kwa macho ya mtu mzima. Haikuwa kitambaa kikuukuu cha gereji. Ilikuwa ni ile ya harusini, niliyoianua siku ya salfa nikazisahau beringi.

Nikakaa chini, nikamweleza Mama kila kitu: salfa, kopo la mafuta, kidole changu, uongo wangu. Miaka mingi ilitoka kwa mara moja. Mama aliendelea kupanga spana mpaka nilipomaliza.

"Baba yako aliniambia siku ile ile," akasema, "hata mikono hajanawa. Akasema, njano nimeiona, ni kidole cha mtoto. Nikamwuliza, utamwambia kaka? Akasema, mimi mkwe, nimezoea kusemwa, huyu atasemwa mpaka anazeeka."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nawaza zile siku sita mlimani, mimi nikimlinda kwa nyuma, nikidhani naijua peke yangu ile hatari na aliyeileta.

"Kwa hiyo tulipokuwa tunateremka, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukunisema?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Siku ya kwanza nilikwenda na wewe kwa ajili hiyo." Alichagua spana moja, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Halafu nikageuka nikakuona umebeba ndoo kubwa. Nikajua umeshasema."

Akaichukua ile kanga mapajani pangu, akaikunja vizuri, madoa yakiwa kwa ndani, akanipa nije nayo Masasi.